Mtindi wa Chini ya Jagi

Kila nikifunua jagi la mtindi na ule uchachu ukanigusa pua, narudi jikoni kwa mama, kule kijijini Bigwa, chini ya milima. Mama alikanda unga wa maandazi kwa mtindi, na hakukubali jagi liishe. Kidogo cha chini kilibaki kuwa mbegu ya kugandishia maziwa mapya.

Siku moja mjomba alishuka kutoka milimani akiwa na kiu, akanywa mtindi wote, akashukuru kwa moyo mweupe. Mama akamwambia karibu tena. Alipoondoka, mama alikaa kwenye kigoda akiliangalia jagi tupu.

Jirani yetu alipita, akaona. Akarudi na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani.

"Dada, chukua ugandishie."

"Jamani! Sasa nitakurudishia nini?"

"Unirudishie nini, na huu ni wako? Nilipohamia hapa, mbegu si ulinipa wewe?"

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Leo, mbali na milima ile, kabla sijakanda unga nimejaza kikombe mtindi kwanza, nikakifunika kwa kisahani. Mlango wa pili kuna mpangaji mpya.