Nouphet na Mto Usiopanda Machi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Nouphet Sayasane anashuka ngazi arobaini na moja kwenda ukingoni mwa mto Mekong, upande wa Laos, kandambili mkononi, bonge la wali wa kunata mdomoni. Anachuchumaa mbele ya nguzo ya kipimo, anaifuta matope kwa pindo la sketi, na kusoma kwa sauti: "Mbili nukta moja." Anaituma namba hiyo ya mita kwa simu hadi ofisi ya vipimo.

"Mume wangu husema nalipwa kutazama maji," anamwambia mwandishi wa gazeti hili huku akicheka.

Malipo yenyewe ni kip laki tatu, fedha ya huko, kwa mwezi. Lakini namba yake huingia kwenye programu ya kompyuta inayotumiwa na nchi zinazochangia mto huu. Programu hiyo hupiga hesabu ya maji yatakavyokuwa kesho, ili wakubwa waamue nani aonywe na bwawa lipi libane maji. Namba ikiwa mbovu, uamuzi nao ni mbovu.

Nouphet, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, analijua hilo kwa uchungu.

Machi mwaka jana alikuta maji yamepanda zaidi ya mita moja usiku kucha. Akasugua macho. Machi ni kiangazi; tangu enzi za babu yake, mto haupandi Machi. Akaamini ni matope yaliyomchanganya, akatuma namba ya jana yake.

"Macho yaliona, kichwa kikakataa," anasema.

Mazoea yana taabu. Bwawa la juu lilikuwa limefungua maji, na onyo halikutoka. Kesho yake bustani za ukingoni zikazama, zikiwamo za Bualai, rafiki yake wa sokoni anayeishi chini zaidi, upande wa Thailand. Matuta yake yote ya karanga yalikwenda na maji. Hadi leo Bualai huilaumu kompyuta, na Nouphet hajawahi kumrekebisha.

Jumanne iliyopita mambo yakajirudia. Jumatatu ilikuwa moja nukta nane. Jumanne, tatu kamili. Safari hii Nouphet alituma alichokiona. Simu ikajibu: tofauti ni kubwa mno, soma tena. Akashuka ngazi zote arobaini na moja upya, akatuma tatu ileile. Ndipo Khamsing, kijana wa ofisi ya vipimo, akapiga.

"Mama, samahani. Sasa ni Machi! Nasikia jana mlikuwa na harusi huko?"

"Ilikuwapo, na nilicheza mpaka miguu ikavimba. Unataka kusema nimelewa?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Basi njoo ushuke ngazi mwenyewe. Mwaka jana ndiyo nilikosea, mwanangu. Leo sikosei."

"Haya. Naipitisha."

Kufikia saa tatu, vipaza sauti vilikuwa vikilia vijijini huko chini, ng'ambo zote mbili. Watu wakang'oa karanga, wakapandisha pampu. Maji yalipofika alfajiri ya Jumatano, yalikuta matuta matupu. Nouphet anasema alipozisikia habari hizo alikaa chini palepale jikoni akalia, kwa furaha.

Kisha Bualai akapiga.

"Dada! Karanga zimejaa mpaka kitandani, sina pa kulala!"

"Lala juu yake, mdogo wangu."

"Nitalala! Safari hii hiyo kompyuta yenu imepata akili."

Nouphet alicheka naye. Alipokata simu, anasema, aliikumbuka namba ya mwaka jana.

Anapanga kumwomba Khamsing amfundishe programu hiyo, aione namba yake inakokwenda. Lakini kuna jambo la kutangulia. Anamuuliza mwandishi gazeti litatoka lini.

"Jumapili."

Nouphet anahesabu kwa vidole, kisha anashusha pumzi ndefu.

"Basi Jumamosi nitavuka. Bualai aisikie habari ya mwaka jana kwangu, asiisome gazetini."