Onyesho Lisilo na Kunyamazishana

Esi Baaba alipopiga piano kwenye kumbi kubwa, hata mwenye kikohozi alikimeza. Ukimya ule ulimchosha. Aliporudi kwao Cape Coast akaanzisha onyesho la watu ambao akili zao zina mwendo wa kipekee: wasioweza kutulia kitini, wanaotishwa na kelele, wanaogunaguna wakifurahi. Kwanza huwapigia ile sauti kubwa kuliko zote, waijue mapema, isije ikawashtua. Mikeka ameitandaza hadi chini ya piano.

Kosa lake lilikuwa kumkaribisha Shangazi Araba, ambaye kanisani kazi yake ni kuwagonga kwa fimbo waumini wanaosinzia. Na fimbo alikuja nayo.

"We, keti! Na wewe uliyelala, amka, mwenzio anatoka jasho kwenye piano!"

"Shangazi," Esi akasema, vidole vikiendelea, "hapa hatunyamazishani. Hebu jaribu mkeka."

Shangazi akajaribu huku akinung'unika. Wimbo haujafika katikati, akakoroma mpaka ungedhani piano ndiyo inayomsindikiza.

Ato, jamaa mwenye vizuia kelele masikioni, aliyekuwa akiizunguka piano tangu mwanzo, akaiokota fimbo na kumtazama Esi, akiuliza kwa macho kama amgonge. Esi akatikisa kichwa kukataa.

Wimbo ulipoisha, ukimya ndio uliomwamsha Shangazi.

"Sikulala! Nilikuwa naomba."

Ato, asiyejua kusema uongo wala kuushuku, akamrudishia fimbo yake.

"Umeomba kwa sauti kubwa sana, Shangazi," akamwambia. "Lakini usijali. Hapa hatunyamazishani."