Afisa Aliyeiba Sufuria ya Mtani Wake

Saa mbili asubuhi, Merewai Dakunivosa anapanda kilima mbio, mikononi ana sufuria ya magimbi isiyo yake. Nyuma yake Bibi Kelerayani, mwenye miaka sabini na moja, anamfukuza na fimbo.

"Mwizi wewe, kwenu hawapiki?"

"Wanapika pakavu, Bibi. Wewe unapikia majini kama kaa."

Kijiji kizima cha Nasaravula kinacheka hadi kushika mbavu. Kwa kicheko nami, mwandishi wa habari, nimesahau kalamu. Na huyo mwizi ni afisa ustawi wa jamii, yuko kazini.

Mwezi uliopita bahari iliingia jikoni kwa Bibi mara tisa. Kaya ishirini na tano kati ya ishirini na sita zimekubali kuhamia kilimani, lakini hakuna aliyeng'oa hata msumari. Bibi ndiye mkubwa wa ukoo. Asipotangulia yeye, hahami mtu. Na wiki ijayo bahari itajaa: linakuja bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka.

Wahandisi walikuja na ramani, wakarudi nazo. Merewai naye alikuja na fomu, akapiga magoti, akaongea kwa upole. Bibi akamfungia mlango.

"Nililia njia nzima," anasema Merewai, 29, aliyekulia mjini Suva, mji mkuu wa Fiji. "Mama ndiye aliyenigutusha kwenye simu: 'Mjinga wewe, sisi na Nasaravula ni watani tangu enzi za mababu. Umemwendea mtani na adabu? Umemtukana.'"

Basi leo amerudi kama mtani: bila hodi, bila salamu, moja kwa moja jikoni.

Kilimani anaitua sufuria juu ya mafiga matatu aliyoyapanga jana. Bibi anafika akihema. Anayatazama mafiga, kisha bahari kule chini.

"Hata kupanga mafiga hujui," anasema, na kuinama kusogeza moja. Halafu sauti inashuka. "Na mzee wangu je? Simwachi kule achukuliwe na maji."

Kaburi la mumewe liko hatua kumi kutoka ufukweni. Katika vikao vyote, hakuna aliyemuuliza.

"Alhamisi tunampandisha yeye kwanza," anasema Merewai, machozi yakimlenga. "Nyumba zitamfuata."

Anatumaini hadi Jumapili kila jiko litakuwa linawaka huku juu. Bibi ameshaketi, anamenya magimbi, anampa la kwanza mwizi wake.

"Alhamisi uwahi," anamwambia. "Na ole wako upige hodi."