Mtihani Kwenye Banda la Chai

Kwangu nyumbani, bondeni upande wa chini wa Mogogosiek, mtandao huja ukipenda. Mara mbili nilifanyia mtihani wa mwisho wa diploma mezani pangu, na mara mbili picha ikaganda, nikabaki nimekodolea macho kompyuta ya kuazima. Chuo kikasema nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Bila ile karatasi, darasa langu lingepewa mtu mwingine mwaka ukianza.

Mahali mtandao unaposhika bila kubembelezwa ni kwenye banda tunakouzia majani chai, kwa sababu liko juu, karibu na mnara wa simu. Karani wa mizani alinipa kona yake.

"Lakini leo ni siku ya kupima, madam," akanionya.

Nikamsomea sheria za mtihani. Kamera iwake, sura ya mtu mwingine isionekane. Sauti ya mtu ikisikika mara ya kwanza ni onyo. Mara ya pili, mtihani umefutwa. Nilizisoma kwa hasira. Aliyeziandika bila shaka ana chumba chenye mlango.

Wakulima walipofika na magunia yao, karani aliwaeleza pale nje, kikundi kwa kikundi. Kwa kawaida kilo husomwa kwa sauti, watu wakabishana na kutaniana mpaka lori ya kiwanda ifike. Asubuhi ile karani alionyesha kilo kwa vidole. Wazee waliinama kupita chini ya kamera. Mama mmoja wa kanisani kwetu alipita kwa magoti akiburuta gunia, amekaza midomo asicheke. Niliwapenda wote siku hiyo. Nikaendelea kuandika.

Dakika ishirini zikiwa zimebaki, baba yangu akafika. Alikuwa amechelewa kwa kukamua, na sikuwa nimemwambia habari za mtihani, maana nilishakwama mara mbili na sikutaka maswali. Akasimama mlangoni, akavua kofia.

"Chamgei!" akasalimu, kwa sauti kubwa ya mtu ambaye masikio yamezeeka.

Onyo likatokea kwenye kioo, maandishi mekundu.

Hakuna aliyemjibu. Watu zaidi ya thelathini, wote wanamjua, wakatazama miguu yao. Kwetu mzee hasalimu akakosa jibu, hata kwa watu waliokosana. Karani akaweka kidole mdomoni, na hilo likawa baya zaidi, mzee kunyamazishwa kama mtoto. Baba akanitazama mimi. Neno moja tu lingetosha. Nikarudisha macho kwenye swali la nane.

Alivaa kofia, akajitwika gunia lake, akaondoka.

Nilimaliza. Banda zima likapiga makofi, nami nikatoka mbio hadi kwa Baba. Nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, gunia halijafunguliwa. Lori ilikuwa imeshapita, majani yake hayakupimwa. Nikamweleza yote: chuo, kamera, onyo jekundu, darasa langu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Basi ni sawa."

Kisha akasema, "Mimi nilijua tu kuna mtu nimekosea. Nimefikiria njia yote. Nikakumbuka ile ng'ombe yangu iliingia mahindi ya jirani, wewe ukiwa mdogo. Nikapitia kwake kuomba msamaha. Yeye hakuwa nyumbani, nimeomba bibi yake."

"Akasema nini?"

"Ameshangaa. Lakini amenisamehe."

Nilifaulu mtihani ule, na darasa bado ni langu. Ila sijaweza kumtazama yule mama jirani usoni tangu siku hiyo, kwa sababu msamaha alioombwa, mimi ndiye niliyepaswa kuuomba, kwa Baba mwenyewe.