Kahawa kwa Umm Saidi, Mchangani Sharqiya

Rahma, binti wa dada yangu, alimaliza chuo kikuu akiwa na shahada na mposaji. Shahada tuliifurahia. Mposaji, jina lake Saidi, alikuwa Bedui, na dada Zuwena, mzaliwa wa Unguja aliyelelewa kwa mchuzi wa nazi, hakutaka hata kumsikia. "Mwanangu akaishi na ngamia?" Basi mama wa kijana, Umm Saidi, akatuletea ujumbe: kabla hamjasema hapana, njooni mnywe kahawa. Mwaliko kama huo haukataliki.

Jumamosi asubuhi tukatoka Al Khoudh, mtaani kwetu Maskati, mie nikiendesha. Kiti cha nyuma Zuwena alikijaza sambusa, visheti na katoni za maji, kama kwamba huko twendako watu hawali. Njia nzima, huku milima ya mawe ikitupita, alinitajia sababu za kukataa.

Bidiya, huko Sharqiya, ndiko lami inakoishia na mchanga kuanza, mwekundu wa rangi ya halua ya zafarani. Tuliegesha gari letu mbele ya duka. Mara ikaja pikapu inatimua vumbi, akashuka mwanamke mwenye barakoa ya Kibedui usoni na bangili za fedha mikononi.

"Saidi yuko wapi?" Zuwena akauliza.

"Kazini, Maskati. Kwani yeye ndiye ajuaye njia?" Umm Saidi akacheka.

Tukapanda pikapu yake. Akapunguza upepo kwenye matairi yasizame, akaupanda mlima wa mchanga kwa kasi. Zuwena alizisoma dua zote anazozijua.

Adhuhuri tulikuwa kambini: vibanda vya makuti ya mtende, hema la manyoya ya mbuzi, zizi, na tangi la maji. Nyumba ya matofali wanayo Bidiya, kwa ajili ya joto na skuli, lakini ikija baridi hutoka na wanyama wao. "Ngamia hapendi kuta," alisema Umm Saidi, akiufukua mkate kutoka kwenye majivu. Akaupigapiga, akaumwagia samli. Zuwena alikula, akaongeza.

Alasiri ikawa zamu ya kukama. Ndama alinyonya kwanza ili maziwa yashuke, kisha Umm Saidi akasimama mguu mmoja, bakuli juu ya goti. "Njoo ujaribu!" Ajabu ni kwamba Zuwena alikunja mikono ya nguo. Ngamia akageuka, akamtazama, akasogea. Bakuli likaruka, maziwa yakamrukia mwenyeji kwenye barakoa.

Kisha Umm Saidi akaketi mchangani akacheka mpaka bangili zikalia, na Zuwena akacheka akishika mbavu.

Walipotulia, dada akauliza, "Binti yangu ataishi hapa?"

"Wataishi Maskati. Na hilo ndilo linalonitisha. Wajukuu zangu watakua huko kwenu, wakisema Kiswahili, na mimi watanitazama kama mgeni."

Zuwena alichora mchanga kwa kidole. "Mama yangu alilia hivyohivyo nilipohamia huku na mume wangu. Yeye alibaki Unguja. Akaogopa wanangu hawatamjua."

"Wakamjua?"

"Kila likizo nikiwapeleka kwake."

"Basi na mimi niletee."

"N'takuletea," akajibu Zuwena. Nikakohoa. Dada yangu alikuwa keshaahidi wajukuu kabla ya kukubali posa! Alipoligundua hilo akafunika mdomo, lakini neno hakulirudisha.

Jua lilipoelekea kuchwa tukarejea Bidiya. Hata gari letu hatujaliwasha, Rahma akapiga simu.

"Mama, vipi?"

"Mwambie Saidi alete wazee wake."

Kelele za furaha nilizisikia nikiwa usukanini.

Nilikwenda nikidhani nitajifunza mambo ya ngamia. Nikarudi nikijua kwamba mama wa hemani na mama wa ghorofani wana hofu moja. Harusi itakuwa baada ya Idi. Juzi Umm Saidi alinipigia kuuliza watoto wetu humwitaje mama wa baba yao. Nikamwambia: bibi. Akalirudia neno lile polepole, kama anayejaribu nguo mpya, kisha akasema linamtosha.