Sauti ya Pili Ndani ya Diski

Mimi sitengenezi simu. Nalisema mapema kwa sababu kila anayeingia dukani kwangu hapa Busia anatanguliza kioo kilichopasuka. Fundi wa simu ni jirani yangu, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo wateja wanatuchanganya. Kazi yangu ni kompyuta zilizokufa: zile nzito, za rangi ya chai ya maziwa, ambazo watu wamezigeuza meza ya kuwekea redio. Natoa kilichomo ndani kabla hakijapotea kabisa. Jirani ananiita mchimba makaburi. Namwacha acheke. Mchimba makaburi anafukia, mimi nafukua.

Mwalimu, bibi mmoja mwembamba, alikuja na kompyuta yake kutoka Masafu, imefungwa blanketi, ameikumbatia nyuma ya bodaboda kama mgonjwa. Alifundisha shule ya msingi na kwaya ya kanisa lao mpaka akazeeka, na nyimbo za kwaya hiyo alizitunga mwenyewe, kwa Kisamia, kwa sauti nne. Alizipiga chapa kwenye kompyuta hiyo. Karatasi zikaliwa na mchwa. Waimbaji wa zamani wengine wamezikwa, wengine wamehamia Kampala, na hawa wa sasa wote wanaimba sauti ya kwanza, kila mtu anataka kusikika.

"Wanaimba mfupa," aliniambia. "Nyama iko ndani ya hii. Mimi nakumbuka sauti ya pili tu, maana ndiyo yangu. Ya tatu na ya nne zimetoka kwa kichwa. Na mimi nikikufa, hata hii ya pili nakwenda nayo."

Nikamuuliza kama kuna disketi, vile visahani bapa vya zamani vya kuwekea nakala. Zipo, akasema kwa fahari, zimetunzwa vizuri sana: kwaya ilizifungia ndani ya spika kubwa ya kanisa, kwa sababu humo ni pakavu na hakuna mwizi wa kuibeba. Nilifumba macho. Ndani ya spika mna sumaku kubwa kama sahani, na sumaku na disketi ni paka na panya. Aliponiletea nilizijaribu moja moja, zote zilikuwa zimefutika. Sikumlaumu mtu. Kila mmoja huweka mali yake pale anapoona pana usalama.

Ikabaki diski ngumu iliyokuwa ndani ya kompyuta yenyewe.

"Washa tuone," jirani akasema, mkono tayari uko kwenye swichi. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mashine iliyolala miaka haiwashwi ovyo ovyo. Niliitoa diski, nikaisafisha, nikavuka upande wa Kenya kutafuta waya wake, ule mpana kama mkanda. "Siz, hii ni ya museum," muuza vyuma chakavu akaniambia, huku tayari anachakura kwenye gunia. Aliupata. Nikaunganisha, diski ikalia kwi kwi kwi, kisha ikaanza kuzunguka. Sikufungua chochote. Nilinakili kila kilichokuwemo, mwanzo hadi mwisho, ndipo nikafungua ile nakala.

Maneno ya Kisamia yalitoka safi. Lakini chini ya kila mstari kulikuwa na vitu kama hivi: s :- | l :s | m :r. Kurasa kwa kurasa, herufi na vidoti. Jirani akachungulia juu ya mbao.

"Dada, hiyo ni virusi. Futa takataka, mpe mama maneno yake, afurahi aende."

Mimi sifuti. Nilikulia kijijini Kiyeyi, na kanisani kwetu nilikuwa mtu wa kufagia, si wa kuimba, kwa hiyo sikujua nilichokuwa nakitazama. Lakini kutojua kwangu si sababu ya kufuta kitu cha mwenyewe. Katika kazi hii yote, hilo ndilo ninalojivunia zaidi. Nikachapa kila ukurasa na takataka zake, nikaenda Masafu nikiwa nimejiandaa kuomba radhi.

"Mwalimu, maneno yamepona. Ila hizi alama, nadhani zimeharibika."

Alivaa miwani. Kidole kikaanza kutembea chini ya zile herufi, midomo ikafuata, halafu bibi yule mwembamba akatoa sauti nene ya ajabu: so, la so, mi re. Ilikuwa sauti ya nne, ya wanaume. Kumbe zile takataka zilikuwa solfa, muziki ulioandikwa kwa herufi.

"Imeharibika wapi? Mwanangu, hii ni nzima kabisa!"

Akacheka huku analia, nami nikalia bila aibu. Siku ile, narudi Busia, hata ningekutana na waziri barabarani, yeye ndiye angenipisha.

Nakala moja nilimwachia kwenye flashi, nyingine ikabaki kwangu, na ya tatu ikafungiwa kwa jirani, ambaye sasa anawaambia wateja kwamba tulifanya kazi ile pamoja. Mwalimu akaifundisha kwaya upya, sauti baada ya sauti, kwa ukali wake wote. Walipokuwa tayari aliniita kwenye mazoezi.

Walianza na sauti ya kwanza, ule mfupa aliousema Mwalimu. Kisha wasichana waliosimama karibu na dirisha wakaingia chini yake na sauti ya pili, wanaume wakafuata, na wimbo ukajaa kanisa zima. Mwalimu alikuwa mbele anaongoza kwa mkono, midomo imefungwa kabisa. Nikasogea, nikamnong'oneza.

"Mwalimu, mbona wewe huimbi? Hiyo ya pili si yako?"

Hakunigeukia, wala mkono haukusimama.

"Mimi nikiimba," akasema, "nitajua namna gani kama wao wanajua?"