Mkono wa Maggie na posa ya mdogo wake

Jua halijapanda juu ya malori yaliyopanga foleni mpakani Busia, na Maggie Akongo tayari ni mweupe kwa vumbi la mahindi kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Anarusha mahindi kwa ungo; makapi yanapaa, punje zinarudi. Watu wa hapa huapa kwamba upepo ukiwa mzuri, vumbi hili hufika Kisumu kabla ya basi, tena bila kulipa ushuru.

Baada ya mirusho michache anashusha ungo. Mkono wa kushoto unaning'inia.

"Maggie, mkono yako imeenda kunywa chai tena?" anauliza Proscovia, mwenye ghala.

"Imeenda. Ikirudi nakuambia."

Wanacheka. Maggie anachukua sindano ya kushonea magunia, kazi inayolipa kidogo kuliko kupepeta lakini haimlazimu kuinua mikono.

Mama huyu wa miaka 34, mzaliwa wa Bulumbi upande wa Uganda, ana ugonjwa uitwao Takayasu. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na maradhi, hushambulia kuta za mishipa mikubwa ya damu. Kuta huvimba, njia ya damu huwa nyembamba. Wapepetaji wenzake waliposikia jina hilo walidhani ni pikipiki mpya.

Ulianza kwa uchovu wa mkono. Kisha kichwa kuuma, kisha kizunguzungu. Kila alipokwenda kupimwa presha kwenye duka la dawa alinyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kulia ni wa kusalimia watu, na ilikuwa imejaa vumbi," anaeleza. "Niliona aibu kumpa mtu mkono chafu."

Mkono wa kushoto ulisema presha iko chini. Akashauriwa aongeze chumvi. "Nilikula chumvi kama ng'ombe," anasema. "Majirani walificha yao wakiniona."

Siku alipoanguka kwenye magunia, Proscovia alimpeleka kwa Dkt. Obbo, mwenye kliniki Tororo. Daktari alitafuta mpigo wa damu kwenye kiwiko na kifundo cha mkono wa kushoto, asiupate.

"Aliniangalia kama maiti imemsalimia," anasema Maggie.

Alipopima mkono wa kulia, presha ilikuwa 190 kwa 110. Huo ndio uliokuwa ukisema kweli. Damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye ule mwingine. Picha za mishipa zilizopigwa katika hospitali ya rufaa zilithibitisha. Dawa za kutuliza kinga zikaanza, chumvi ikapunguzwa, na uso ukamvimba mviringo kwa sababu ya vidonge. Sokoni wakavumisha kwamba ameolewa na mchinjaji.

Uvumi huo haukumuuma. Uliomuuma ni mwingine.

Mdogo wake, Phiona, alikuwa amechumbiwa na Fidel Wanjala, fundi wa magari upande wa Kenya. Watu wakakumbuka kwamba shangazi yao, Winfred, alipinda vidole kwa ugonjwa wa viungo akiwa bado kijana, nao pia ni ugonjwa wa kinga kumgeukia mtu mwenyewe. Wakajumlisha wawili hao, wakapata jibu lao: damu ya nyumba ile ni mbovu.

Jibu hilo lilivuka mpaka bila kukaguliwa. Wiki mbili kabla ya mahari, mama yake Fidel, Edah, alibisha hodi.

"Mwanangu, sitazunguka," alimwambia Maggie. "Nasikia kwenu mishipa inaziba. Fidel ndiye mtoto niliyebaki naye. Nimekuja kuuliza."

Mjomba wa Maggie na Phiona, Egau, alikuwa ameshampa Maggie ushauri mapema: "Sema ulianguka na baiskeli."

Phiona alikataa. "Nikificha leo, siku mkono yangu ikikataa kazi, nasema na mimi nilianguka na baiskeli hiyo hiyo?"

Basi Maggie alimjibu mgeni: "Mama, mimi si daktari. Twende Tororo, uulize mwenyewe."

Walikwenda watatu. Dkt. Obbo alimpima Phiona mkono mmoja, akarudia wa pili, kisha akasikiliza shingo.

Mikono yote miwili ilikuwa na presha ileile. Mpigo ulikuwa mzuri.

"Kwa hiyo hataugua?" aliuliza Edah.

"Siwezi kuapa, mama," alijibu daktari. "Katika familia hatari huwa juu kidogo. Lakini ndugu wengi hawapati kabisa. Wanachoweza kurithi ni uelekeo, siyo ugonjwa wenyewe. Aje kila mwaka. Na mkono ukichoka bila sababu, aje siku hiyo hiyo."

Edah alikunja mikono yote miwili ya gauni lake.

"Nipime na mimi. Nisije nikakagua paa la wenzangu na langu linavuja."

Lilikuwa linavuja. Presha yake ilikuwa juu, kulia na kushoto, na hakuwahi kujua.

"Sasa mama," Maggie alimwambia, "na sisi tukatae Fidel?"

Edah alicheka hadi muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Nje ya kliniki alimshika Phiona mkono, akamwita "mke wa mwanangu". Siku ya mahari haikusogezwa.

Sasa Maggie anashona magunia huku akipanga sherehe ya Desemba. Amemwomba muuguzi wa Tororo aje na kipimo chake, awapime watu wa pande zote mbili kabla sufuria hazijafunuliwa. Egau analalamika kwamba chakula kitapoa. Maggie, kama dada mkubwa, ndiye atakayemkabidhi bibi harusi, na maneno ameshayaandaa.

"Nasema mbele ya watu wote: huyu ni dada yangu, damu yetu ni moja, hatukuficha kitu. Mumpende, na kila mwaka mumpeleke apimwe mikono mbili."

Anakata uzi kwa meno.

"Halafu nasema, karibuni chakula."